KIPIMO NACHO KIPIMWE
Vipimo vya maji ya samaki wetu katika joto la Dubai



Watoto wetu wanaokulia ghorofani hapa Dubai hawana kisima uani, hawana mbuzi wa kumkatia majani, wala hawana ufuo wa kwenda kuokota makombe baada ya chuo cha alasiri. Ndiyo maana tangi la samaki limejipatia heshima yake katika vyumba vyetu vya kukaa. Limewekwa pembeni mwa makochi, taa yake inawaka, na watoto wanawajua samaki mmoja mmoja kwa majina. Baadhi ya familia zimekwenda mbele zaidi, zikatafuta samaki wa kwao: wale wa manjano na buluu wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambao wafugaji wa dunia nzima huwagombania, na ambao mvuvi wa Kigoma akitajiwa bei yao ya dukani atadhani anafanyiwa mzaha.

Karibu na tangi hilo aghalabu pana kisanduku kidogo chenye vichupa vya dawa, vichupa vya kioo na kadi ya rangi. Hivyo ndivyo vipimo vya maji. Unachota maji kidogo ya tangi, unatia matone kadhaa, unangoja dakika chache, kisha unalinganisha rangi iliyotokea na rangi za kwenye kadi. Makala haya hayahusu samaki, yanahusu kisanduku hicho. Kwani sisi huyaangalia maji kwa jicho la shaka na kukiamini kisanduku kwa moyo mkunjufu, ilhali katika mji huu wa joto kisanduku chenyewe ndicho kinachostahiki kuchunguzwa kwanza.

SIFURI MBILI ZINAZOFANANA

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na mabaki ya chakula yakioza hutoa amonia pia. Bakteria wema wanaoishi ndani ya kichujio huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti ni sumu kwa samaki hata zikiwa kidogo. Nitrati huvumilika zaidi, nasi huipunguza kwa kubadilisha maji. Katika tangi jipya, bakteria hao kwa kawaida huhitaji majuma manne hadi sita kabla ya kuizoea kazi yao, na hicho ndicho kipindi ambacho samaki wengi hufa majumbani mwetu na watoto kulia.

Sasa tazama jinsi amonia inavyopimwa. Visanduku vingi vya siku hizi hutumia dawa mbili. Ukitia zote mbili, maji yasiyo na amonia hubaki manjano, na yenye amonia hugeuka kijani. Moja ya dawa hizo huwa na klorini ya jamii ya jiki tunayofulia nguo nyeupe, na bila ya klorini hiyo rangi ya kijani haiwezi kutokea. Kila mama anayefua anajua kwamba jiki iliyokaa muda mrefu kwenye joto hupoteza nguvu zake. Kichupa cha kipimo hakina tofauti. Kikipikwa na jua, klorini yake hupungua, na siku ya kupima maji hubaki manjano hata kama amonia imejaa tele.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Sifuri ya maji safi na sifuri ya dawa iliyokufa ni rangi ile ile moja. Lau kipimo kilichoharibika kingepiga kelele, au kingetoa rangi ya ajabu isiyokuwemo kwenye kadi, tungekitupa na kununua kingine. Lakini hakifanyi hivyo. Husema pole pole kwamba mambo ni salama, na mwenye tangi hulala usingizi.

Kwa wanaofuga samaki wa maziwa yetu hatari ni kubwa zaidi, na sababu yake yafaa kuelezwa. Amonia ndani ya maji ina sura mbili: moja kali yenye kuua, nyingine pole. Kisanduku hupima jumla ya zote mbili. Mgawanyo wake hutegemea pH, yaani kile kiwango kinachoonyesha kama maji yameelemea upande wa tindikali au upande wa magadi. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 na pH 7, sura kali haifiki hata 1 katika 100 ya amonia yote. Kwenye pH 8 hufika karibu 5 katika 100. Kwenye pH 9 huruka hadi 36 hivi katika 100. Maji ya Ziwa Nyasa yana pH ya 8 na kitu, na ya Ziwa Tanganyika hukaribia 9. Kwa hiyo anayewatengenezea samaki wa Kigoma maji ya kwao anaishi mahali ambapo kosa dogo la kipimo cha amonia, au kosa la nusu daraja katika kipimo cha pH, laweza kuwa ni tofauti baina ya uhai na mauti.

(Na kwa wanaopenda maajabu: katika Ziwa Magadi, Kenya, yuko samaki wa jamii ya perege anayeishi kwenye maji ya pH 10 hivi, ambamo samaki wa kawaida angeshindwa kuitoa amonia mwilini mwake. Wataalamu waliandika mwaka 1989 kwamba samaki huyo ameliepuka tatizo hilo kwa kutoa taka yake kwa sura ya urea, kama tufanyavyo sisi wanadamu katika mkojo. Samaki wa dukani hawana hila hiyo.)

ADUI WA KWANZA NI JOTO

Watengenezaji wengi huandika kwenye boksi kwamba dawa zikae mahali pakavu, penye giza, na joto la kawaida la chumba. Maneno hayo yaliandikwa na watu wa nchi za baridi. Joto la chumba la kwao ni nyuzi 20 hivi. Chumba cha Dubai mwezi wa Agosti bila kiyoyozi ni jambo jingine kabisa.

Twende hatua kwa hatua. Kisanduku kimefika kwa meli au ndege, kikakaa ghalani, kisha dukani. Wengi wetu hununua katika maduka ya Satwa au katika soko la ndege na wanyama la Warsan. Kabla ya kulipa, tazama kilipowekwa. Kisanduku kilichopangwa dirishani kwa ajili ya kuvutia wapita njia, karatasi yake ikiwa imepauka upande mmoja, kimekwisha kuota jua la miezi. Chagua cha rafu ya ndani, katika duka ambalo bidhaa haikai muda mrefu. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Palipo na namba ya toleo pasipo na tarehe, muulize muuzaji namna ya kuisoma, kwani makampuni mengine huficha mwezi na mwaka wa kutengenezwa katika tarakimu za mwisho za namba hiyo.

Kisha kuna gari. Mtu hununua kisanduku saa tano asubuhi, akapitia sokoni Deira, akaingia msikitini kwa sala ya adhuhuri, akarejea nyumbani alasiri. Muda wote huo dawa imo garini, ndani ya joto ambalo hata usukani haushikiki. Nunua kisanduku mwisho wa safari, au kibebe pamoja nawe katika mfuko.

Nyumbani, kabati lililo juu ya jiko halifai, na la bafuni halifai. Juu ya kifuniko cha tangi lenyewe, mahali ambapo wengi hukiweka kwa urahisi, hapafai zaidi kuliko pote, kwani pana joto la taa na unyevu wa maji. Droo ya chumba cha kulala chenye kiyoyozi ni mahali pazuri, maadamu ina kufuli au iko juu ya kimo cha watoto. Wako wanaoweka vipimo katika friji. Mimi sipendi. Baadhi ya dawa huganda chembe chembe zikipata baridi, na chupa ya tindikali haina kazi karibu na maziwa ya mtoto.

Balaa kubwa zaidi huja wakati wa likizo. Shule zikifungwa kiangazi, familia nyingi huelekea Unguja, Mombasa, Dar es Salaam au Lamu kwa majuma sita, hata manane. Samaki hupewa jirani, au jirani hupewa ufunguo. Kiyoyozi huzimwa ili kuokoa bili, ama huachwa chumba kimoja tu chenye tangi. Kisanduku kimo kwenye droo ya chumba kingine, nacho hupata mateso ya majuma manane ambayo hayakuandikwa kwenye boksi lolote. Familia inarudi Septemba, maji yanaonekana machafu, mtu anapima, kipimo kinasema sifuri, anafurahi. Basi kisanduku kilichokaa ndani ya fleti iliyofungwa kiangazi kizima kihesabiwe kuwa hakiaminiki mpaka kithibitishwe, hata kama tarehe yake bado. Dawa ikae chumba kimoja na samaki, penye baridi ile ile unayoilipia kwa ajili yao, au apewe jirani pamoja na ufunguo. Kusafiri nayo si shauri jema: baadhi ya dawa hizo ni tindikali kali, na tindikali hairuhusiwi ndani ya ndege.

NAMNA YA KUKIPIMA KIPIMO

Kanuni ni nyepesi. Kipe kisanduku maji ambayo wewe unayajua hali yake, uone kama kitasema kweli. Mpimwa awe kipimo, na maji yawe shahidi.

Shahidi wa kwanza ni maji yaliyokenekwa, yale yauzwayo kwa ajili ya kujazia betri za magari na pasi za mvuke. (Hakikisha ni maji matupu, si tindikali ya betri.) Kwayo, amonia, nitriti, nitrati na ugumu wa maji vyote viwe sifuri. Ukiona rangi ya amonia katika maji hayo, basi kichupa chako ni kichafu au dawa imeharibika. Lakini usiyatumie kupima pH. Maji yasiyo na madini hayana cha kuishikilia pH yake. Hunyonya gesi ya ukaa kutoka hewani na kushuka chini ya 7, na hata matone ya dawa yenyewe yaweza kuyayumbisha.

Sifuri peke yake haitoshi, kwa sababu tuliyokwisha kuieleza: dawa iliyokufa hujibu sifuri kwa kila swali. Panahitajika shahidi wa pili anayejulikana kuwa ana hatia. Kwa amonia, tia chembe chache za chakula cha samaki katika gilasi ya maji ya tangi, ifunike, iache siku tatu au nne mahali pa joto. Chakula kitaoza na harufu itakujulisha. Pima maji hayo. Yakibaki manjano, kisanduku hicho kitupe leo, usingoje kesho.

Kwa nitrati, tumia njia ya nusu kwa nusu. Pima maji ya tangi. Tuseme umepata 40. Kisha changanya kipimo kimoja cha maji hayo na kipimo kimoja cha maji yaliyokenekwa, upime tena. Yapasa kupata 20 au karibu yake. Kama nusu ya maji imetoa rangi ile ile ya mwanzo, ama umefika mwisho wa kadi ambapo rangi hazitofautiki tena, ama dawa haifanyi kazi sawasawa. Njia hii haihitaji kununua chochote, nami naiona kuwa ni bora kuliko zote.

Kwa ugumu wa maji tunaye shahidi aliye tayari katika kila duka la vyakula, nayo ni chupa ya maji ya kunywa yenye orodha ya madini kwenye karatasi yake. Maji ya Evian, kwa mfano, huandikwa kuwa na bikaboneti miligramu 360 kwa lita. Gawanya kwa 21.8, utapata daraja 16 na nusu za ugumu wa kaboneti kwa hesabu ya Kijerumani, ambayo ndiyo inayotumiwa na vipimo vingi. Kalisi yake 80 na magnesi 26 hukupa ugumu wa jumla wa daraja 17 hivi. Kisanduku kinachohesabu tone moja kwa daraja moja kikimaliza kwenye matone 16, 17 au 18, mshukuru Mola na endelea nacho. Kikimaliza kwenye 10 au 25, kina kasoro.

Mwenye mizani ndogo ya sonara aweza kutengeneza shahidi wake kwa fulusi chache. Yeyusha gramu 3 za magadi soda katika lita 5 za maji yaliyokenekwa. Hayo yana daraja 20 za ugumu wa kaboneti. Chukua kikombe kimoja cha maji hayo, ongeza vikombe vinne vya maji yaliyokenekwa, utapata daraja 4. Sharti iwe ni magadi soda tupu. Bekin pauda ya keki haifai, kwani imechanganywa na tindikali na unga.

Magadi soda hiyo hiyo hutusaidia katika pH. Kijiko kidogo kilichokorogwa katika gilasi ya maji yaliyokenekwa hutoa pH ya 8.2 au 8.3 hivi, ikipimwa siku hiyo hiyo. Kwa wafugaji wa samaki wa Nyasa na Tanganyika hapo ni karibu kabisa na mahali wanapopahitaji. Angalia tu kwamba unatumia dawa ya pH ya juu. Ile ya kawaida ya maji baridi kwa kawaida huishia 7.6, na kila kilicho juu ya hapo, kiwe 7.8 au 9, kwayo ni buluu ile ile.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo katika historia ya vipimo hivi. Hesabu ya pH ilitungwa mwaka 1909 na Sørensen, mkemia wa Kidenmaki aliyekuwa katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Kipimo cha nitriti chenye rangi ya waridi kinatokana na kazi aliyoitangaza Mjerumani Peter Griess mwaka 1879, naye alikuwa mkemia wa kiwanda huko Burton, Uingereza. Viwanda vyote viwili vilikuwa vya pombe. Walihangaika na mapipa yao, na leo matunda ya mahangaiko yao yamo katika droo zetu sisi tusioigusa.

MKONO NA JICHO

Dawa nzima pia hudanganya ikiwa mkono umekosea. Dawa ya nitrati ndiyo yenye matata zaidi. Katika visanduku vingi, moja ya chupa zake ina unga wa madini ulioelea, na unga huo ndio unaoigeuza nitrati kuwa nitriti ili rangi ipate kutokea. Unga hushuka chini na kushikamana. Asiyeitikisa chupa kwa nguvu, kwa muda ulioandikwa, hupata jibu la chini kuliko ukweli. Na si hilo tu: kila mara anapodondosha maji matupu ya juu, huacha unga mwingi zaidi chini, hata chupa nzima ikapotea mizani na isiweze kurekebishwa tena. Gonga chupa mezani, itikise, hesabu kwa saa na si kwa kukisia.

Tone lidondoshwe chupa ikiwa imesimama wima, kichwa chini. Ukiiinamisha, tone huwa dogo au kubwa. Maji yafike kwenye mstari kwa kutazama chini ya ule mbinuko wa maji, jicho likiwa usawa wake. Na kama huuamini mstari, bomba la sindano la duka la dawa litakuambia kama mililita 5 ni 5 kweli. Usizibe kichupa kwa kidole. Jasho lina chumvi na amonia yake. Kila kichupa kiwe na kifuniko chake, na kifuniko cha nitrati kisiende kwa amonia. Usivioshe kwa sabuni wala kuviweka karibu na dawa ya kusafishia vioo vya madirisha, ambayo mara nyingi ni amonia yenyewe. Visuuze kwa maji ya bomba, kisha kwa maji yaliyokenekwa, uvikaushe kichwa chini. Kabla ya kupima, suuza mara mbili kwa maji utakayoyapima.

Upande wa jicho, vioo vya majengo yetu vimetiwa rangi ili kuzuia jua, na mwanga unaopita humo si mweupe. Taa ya tangi nayo ina buluu yake. Soma rangi chini ya taa nyeupe au katika baraza, karatasi nyeupe ikiwa nyuma, na kadi isiachwe juani ikapauka. Yafaa pia kukumbuka kwamba wanaume wengi huzaliwa na udhaifu wa kutofautisha kijani na nyekundu, wanawake wachache mno. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya hukadiriwa mwanamume 1 katika 12 na mwanamke 1 katika 200. Baba anayebishana na binti yake kuhusu rangi ya kipimo huenda hana haki. Asome mama au binti, baba aandike.

Jambo la kadi pia: baadhi ya visanduku huhesabu nitrati nzima, vingine huhesabu naitrojeni iliyomo ndani yake tu. Cha pili kikisema 10, cha kwanza kitasema 44 kwa maji hayo hayo. Vyote viwili vimesema kweli.

KALAMU, VIJITI, NA MAJI YA BOMBA

Wauzaji wa vichujio vya maji ya kunywa wameingiza majumbani kalamu ya umeme inayoonyesha namba mara ikitiwa majini. Kalamu hiyo hupima wingi wa chumvi na madini yaliyoyeyuka, basi. Haiijui amonia, haiijui nitriti. Tangi lenye sumu ya kuua laweza kuonyesha namba ya kupendeza. Kalamu ya pH ni kitu kingine, nayo ni nzuri, lakini ni ya mtu mwenye subira: hurekebishwa kwa maji maalumu ya pH 7 na pH 10, ncha yake haiachwi ikauka wala haihifadhiwi katika maji yaliyokenekwa, na ncha hiyo huchakaa.

Vijiti vya karatasi ni vyepesi, lakini Agosti hapa hewa yenyewe ni maji. Kila unapofungua mkebe, unyevu huingia. Toa kijiti kimoja kwa mkono mkavu, funga mara moja, na usikitoe kile kifuko cha kunyonya unyevu kilichomo ndani. Vijiti vikibadilika rangi kabla ya kuguswa na maji, vimekwisha.

Maji ya bomba ya hapa karibu yote ni ya bahari yaliyotolewa chumvi katika mitambo ya Jebel Ali, na hutufikia kupitia Mamlaka ya Umeme na Maji ya Dubai, DEWA, iliyoundwa mwaka 1992. Yakitoka mtamboni huwa karibu hayana madini; huongezwa madini kiasi, na hutiwa klorini ili yawe salama kwa kunywa. Klorini hiyo huua samaki na bakteria wa kichujio, kwa hiyo sote hutumia dawa ya kuiondoa. Angalia hapa: baadhi ya dawa hizo huifunga amonia isiwe kali, lakini kisanduku bado huihesabu, na vile vya aina ya zamani vyenye zebaki, vinavyotoa rangi ya manjano iliyoiva hadi kahawia, huweza kutoa jibu la uongo kabisa vikikutana nayo. Kwa hiyo soma maelezo ya dawa yako kabla ya kushtuka. Na maji yanayotoka katika matangi ya juu ya paa wakati wa kiangazi huwa moto. Yaache yapoe ndipo uyapime.

DAFTARI

Tarehe uliyofungua chupa iandike kwa wino juu ya chupa yenyewe. Kisha weka daftari la shule, mtoto mkubwa aandike kila wiki: tarehe, joto, pH, amonia, nitriti, nitrati, na siku maji yalipobadilishwa. Baada ya miezi miwili daftari hilo litakuwa ni shahidi kuliko wote. Katika tangi lenye samaki wa kutosha na lisilo na mimea mingi, nitrati sharti ipande pole pole baina ya badilisho moja la maji na jingine. Ikiwa imepanda wiki kumi mfululizo, kisha ghafla ikasomeka sifuri, usifurahi. Rudi kwenye njia ya nusu kwa nusu na gilasi ya chakula kilichooza.

Na samaki akihema juu ya maji, mashavu yakimwenda mbio, ilhali kipimo kinasema salama, muamini samaki. Badilisha robo ya maji au zaidi kidogo, yawe yameondolewa klorini na joto lake likiwa sawa na la tangi, kisha ndipo uchunguze kisanduku. Ukitaka kupeleka maji dukani yakapimwe kwa dawa nyingine, yajaze katika chupa safi hadi ukingoni pasibaki hewa, yatie ndani ya chupa ya chai au mfuko wa barafu, na yafike ndani ya saa moja. Yakilala garini, duka litapima maji mengine yasiyo ya tangi lako.

Chupa zilizokwisha muda zisirudishwe kwenye boksi pamoja na mpya, wala zisipewe watoto kuchezea. Nyingi humwagwa chooni kwa maji mengi. Zile zenye zebaki, na zote zilizochorwa alama ya sumu, zisimwagwe. Zifungwe vizuri na ziulizwe Manispaa mahali pa kupelekwa.